Kilima Hakipandwi kwa Volti Pekee

Wasee wa magari ya rimoti, leo tuambiane ukweli. Kuna ushauri ambao kila mtu mtaani anao, na kila mtu anautoa bure: ongeza volti. Gari halipandi kilima? Ongeza volti. Gari limekuwa zito? Ongeza volti. Mota inalia kwenye nyasi? Bana, ongeza volti. Ni maneno mawili tu, yanaingia kichwani haraka, na yanauza betri vizuri sana.

Mimi nasema ushauri huo ni nusu ya ukweli, na ile nusu iliyoachwa ndiyo inayounguza mota za watu. Msimamo wangu ni huu: volti ndiyo inayoamua mota itazunguka kwa kasi gani. Ampea ndizo zinazoamua itasokota kwa nguvu gani. Halafu mzigo, yaani kilima, matairi na uzito, ndio unaoamua ampea ngapi zitaitwa. Ukiyachanganya haya matatu, utalipa. Na nimeona mtu akilipa.

Binamu yangu yuko kidato cha pili. Kwa miezi kadhaa alikuwa akiosha mazulia ya majirani kila Jumamosi, mia mbili hapa, mia tatu pale, hadi akanunua gari la rimoti la mtumba. Saizi ya moja kwa kumi, mota ya brashi ya aina ya 540, betri ya lipo ya seli mbili. Kabla hata halijakanyaga vumbi vizuri, alitoa matairi yaliyokuja nalo, ya milimita 85, akaweka makubwa ya milimita 115 kwa sababu yanakaa poa kwenye picha. Na si uongo, yalikaa poa.

Nyuma ya ploti yao kuna rundo la udongo lililoachwa na wajenzi. Watoto wote wa hapo hupimana nguvu kwenye hilo rundo. Gari la cuzo lilifika katikati, likalia, likasimama. Akaenda duka moja mjini kuuliza. Muuzaji hakutaka kujua habari za matairi wala gia. Alimwambia tu, "Hiyo betri yako ni ndogo, chukua ya seli tatu." Akachukua, na akiba yake yote ikaishia hapo. Kwenye lami gari liliruka kama limetumwa. Kwenye rundo la udongo lilipanda kidogo kuliko jana, likakwama, na kijana akazidi kubonyeza kwa sababu wenzake walikuwa wanamtazama. Baada ya dakika chache moshi ukatoka.

Alikuja kwangu jioni na mota kwenye mfuko wa karatasi. Mamake alikuwa ameshamwambia kwamba hizo pesa zingenunua viatu vya shule. Lakini kilichoniuma si mota wala viatu. Aliketi, akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Cuzo, mi naona hizi vitu za fizikia si zangu. Mwisho wa mwaka naiacha." Shuleni kwao wanachagua masomo mwisho wa kidato cha pili. Yaani mtoto ambaye amefungua gari kwa mikono yake mwenyewe na kulirudisha, alikuwa karibu kuacha fizikia kwa sababu mtu alimuuzia nusu ya fizikia kwa bei kamili.

Ndiyo maana naandika. Twende polepole, na usiogope hesabu, ni za kujumlisha na kuzidisha tu.

Kwanza, torki. Torki ni nguvu ya kusokota. Umewahi kumwona fundi wa magari akishindwa na nati ya gurudumu? Anachukua bomba, analivika kwenye mpini wa spana, mkono unakuwa mrefu, na nati inaachia. Nguvu ya fundi ni ile ile, ila torki imeongezeka kwa sababu mkono umeongezeka. Torki hupimwa kwa newton-mita. Kasi ni kitu kingine kabisa, ni mizunguko mingapi kwa dakika moja. Mota inaweza kuwa na kasi ya kutisha na torki ya mbu.

Hiyo torki inatoka wapi? Mwaka 1820, Hans Christian Ørsted wa Denmark aliona sindano ya dira ikigeuka pale waya uliokuwa karibu nayo ulipopitisha umeme. Mwaka uliofuata, 1821, Michael Faraday kule London akafanya waya unaopitisha umeme uzunguke sumaku, mfululizo, bila kusukumwa na mkono. Mota yako ya 540 ni jambo lile lile, ila waya umezungushwa mara nyingi kwenye chuma na kuwekwa katikati ya sumaku. Waya wenye mkondo ukiwa kati ya sumaku, unasukumwa, na msukumo huo unafuata ukubwa wa mkondo. Mkondo ndio tunaoupima kwa ampea. Ampea zikiwa mara mbili, torki inakuwa mara mbili. Waya hauulizi betri ina volti ngapi.

Huamini? Tafuta ile betri ya mraba ya volti 9, ya maikrofoni au ya kengele ya moshi. Betri ya kawaida ya zamani ya magari ya rimoti ilikuwa na volti 7.2, kwa hivyo kwa hesabu ya mtaani hii ya 9 inafaa kulirusha gari mbali zaidi. Haya, iunganishe kwenye mota ya brashi kwa sekunde chache. Ukiliinua gari hewani, magurudumu yatazunguka. Liweke chini sasa. Litajikokota kama limeamka na homa, au litakataa kabisa. Volti iko, sasa ni nini kimekosekana? Betri ile ndogo ina ukinzani mkubwa ndani yake, omu moja au zaidi, kwa hivyo haiwezi kumwaga ampea nyingi hata ukiiombaje. Volti nyingi, ampea kiduchu, torki hakuna.

Sasa volti ina kazi gani? Volti ndiyo msukumo unaoulazimisha mkondo upite. Hapa ndipo wanafunzi wengi hujichanganya, na si kosa lao. Shuleni tunaimba V ni sawa na I mara R hadi tunaota. Ukiipeleka fomula hiyo kwenye mota bila kufikiria, unaona wazi: V ikipanda, I inapanda, torki inapanda, kesi imekwisha. Kumbe mota si kipande cha waya kilicholala mezani. Mota inazunguka, na kitu chochote chenye waya unaozunguka katikati ya sumaku ni jenereta.

Ndiyo, mota yako inapozunguka inatengeneza umeme wake yenyewe, na umeme huo unapingana na wa betri. Tuuite volti pinzani. Mota ikienda kasi, volti pinzani inapanda na kukaribia ile ya betri, pengo linabaki dogo, na ampea chache ndizo zinazopita. Mota ikilemewa, kasi inashuka, volti pinzani inashuka, pengo linapanuka, na ampea zinamiminika. Pengo hilo ndilo linalogawanywa kwa R, si volti yote ya betri.

Ukilielewa hilo unaona kwamba mota ina tabia yake. Ikibanwa, inaitisha ampea zaidi bila kukuuliza wewe mwenye rimoti. Haingoji uongeze volti ndipo ipate torki. Inajiongezea yenyewe, hadi betri ishindwe, kidhibiti mwendo kijizime, au waya uungue.

Tupige hesabu sasa. Hii ni mota ya mfano. Nimechagua namba nyepesi, lakini haziko mbali na 540 ya kawaida. Ukinzani wa mzunguko wote, yaani mota, nyaya na betri, ni omu 0.1. Kila volti moja inaipa mizunguko 1,910 kwa dakika. Kila ampea moja inaipa torki ya newton-mita 0.005. Hizo namba mbili za mwisho ni pacha: gawanya 9.55 kwa 1,910 unapata 0.005. Maana yake ni kwamba mota yenye kasi kubwa kwa kila volti lazima iwe na torki ndogo kwa kila ampea. Hakuna anayepewa zote mbili. Hata ile namba ya KV inayoandikwa kwenye mota zisizo na brashi ni hiyo hiyo kasi kwa kila volti. KV 3300 si nguvu zaidi ya KV 2000. Ni kasi zaidi, na msokoto mdogo zaidi kwa kila ampea.

Tuanze na betri ya volti 7.2 kwenye lami, mota ikivuta ampea 10. Zidisha 10 kwa 0.1, volti 1 imepotelea kwenye ukinzani. Zinabaki 6.2, mota inazunguka mara 11,842 kwa dakika, torki ni 0.05. Joto linalobaki kwenye waya ni wati 10. Hapo hakuna shida.

Tukifika kwenye kilima kinachotaka torki mara mbili, yaani 0.10, lazima ampea ziwe 20. Volti 2 zinapotea, zinabaki 5.2, kasi inashuka hadi 9,932. Na joto? Watu wengi watasema wati 20. Hapana. Joto linafuata ampea mara ampea, kwa hivyo ni wati 40. Mzigo umekuwa mara mbili, joto limekuwa mara nne. Sentensi hiyo iandike kwenye boksi lako la vifaa.

Sasa toa betri, weka ya seli tatu yenye volti 11.1. Kilima ni kile kile na gari ni lile lile. Kilima kinataka torki gani? Ile ile 0.10. Ampea ngapi? Zile zile 20. Joto kwenye waya? Lile lile, wati 40. Kilichobadilika ni kasi, sasa mota inazunguka mara 17,381 kwa dakika. Yaani unapanda kilima kile kile haraka zaidi. Kama kilima kilikuwa kinaiunguza mota yako polepole, bado kinaiunguza.

Hapo msee mmoja ataniuliza, "Sasa mbona gari la cuzo wako lilipanda kidogo zaidi na seli tatu?" Swali zuri, na hapa lazima niwe wa haki kwa yule muuzaji. Volti inainua dari. Mota ikisimama kabisa, volti pinzani ni sifuri, na kitu pekee kinachozuia mkondo ni ukinzani. Kwa volti 7.2 unapata ampea 72 na torki 0.36. Kwa volti 11.1 unapata ampea 111 na torki 0.555, kama betri na kidhibiti vinaweza kuzitoa. Kwa hivyo mota inaweza kusukuma zaidi kabla haijashindwa. Hiyo ndiyo nusu ya ukweli.

Lakini angalia bei yake. Mota iliyosimama haifanyi kazi yoyote, umeme wote unageuka joto. Volti 7.2 mara ampea 72 ni wati 518. Volti 11.1 mara ampea 111 ni wati 1,232. Unaijua ile hita tunayotumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kuoga? Sasa chukua joto la aina hiyo, sehemu yake kubwa uifungie ndani ya mkebe wa chuma wenye kipenyo cha milimita 36, halafu usiweke maji. Ndicho kilichotokea kwenye rundo la udongo huku kijana akizidi kubonyeza.

Na joto halikai tu hapo likisubiri lipoe. Shaba ikipashwa moto, ukinzani wake unapanda kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila digrii moja. Kutoka digrii 20 hadi 100, hiyo ni kama asilimia 31 zaidi. Sumaku nazo hupungua nguvu zikipata joto, kwa hivyo kila ampea inaleta torki ndogo kuliko asubuhi. Mota inaitisha ampea zaidi kufidia, joto linapanda zaidi, na mchezo unajirudia hadi ile varnishi inayofunika waya inayeyuka na nyaya zinagusana. Tulipofungua mota ya cuzo, brashi zilikuwa zimeliwa, vipande vya shaba vinavyoguswa na brashi vilikuwa vyeusi, na ile harufu ya varnishi, ukishainusa mara moja hutaisahau.

Nikamwambia alete lile gari lote, si mota peke yake. Tukaliweka mezani, nikamuuliza, "Hili gari lilipanda hilo rundo siku gani mara ya mwisho?" Akafikiria. "Siku ya kwanza. Kabla nibadilishe matairi." Akanyamaza, halafu akaangalia matairi yake kama ambaye ameona nyoka.

Matairi, wasee. Gurudumu kubwa ni sawa na kumwekea mota spana mkono mrefu, ila safari hii anayeishika upande mrefu ni kilima, si wewe. Kutoka milimita 85 hadi 115 ni mara 1.35. Ili gari lisukume udongo kwa nguvu ile ile, mota sasa inahitaji torki mara 1.35, yaani ampea mara 1.35. Na joto, ampea mara ampea, ni mara 1.83. Betri yake haikuwa ndogo. Alikuwa amebadilisha gia bila kujua kwamba amebadilisha gia.

Dawa ilikuwa pinioni, ile gia ndogo inayokaa kwenye shafti ya mota. Yake ilikuwa na meno 20. Tukanunua ya meno 15 kwa shilingi 250. Meno 15 kwa 20 ni 0.75. Zidisha 0.75 kwa 1.35, unapata kama 1.01. Yaani ile gia ndogo ilifuta karibu kila kitu ambacho matairi makubwa yalikuwa yameharibu. Cuzo ndiye aliyepiga hiyo hesabu, mimi nilishika kalenda tu tuliyokuwa tunaandikia nyuma yake. Tukaweka mota mpya ya 540, tukarudisha betri ya seli mbili.

Unataka kuona pinioni inafanya nini kwa namba? Rudi kwenye kilima chetu cha ampea 20 na wati 40. Ukitoka meno 20 hadi 15, mota inahitaji ampea 15 tu kusukuma magurudumu kwa nguvu ile ile. Joto linashuka hadi wati 22.5. Gari litapungua kasi, ndiyo, kama asilimia 18 kwenye kilima hicho, kwa sababu mota yenyewe sasa inazunguka haraka kidogo na kufidia. Unatoa asilimia 18 ya kasi, unapunguza joto kwa asilimia 44. Kwa shilingi 250. Niambie ni betri gani itakupa biashara hiyo.

Njia ya pili ni kubadilisha mota yenyewe. Mota za brashi huuzwa kwa idadi ya mizunguko ya waya ndani yake, namba kama 35 au 55 ikiwa na herufi T. Waya ukizungushwa mara nyingi zaidi, kila ampea inasukuma mara nyingi zaidi, kwa hivyo torki kwa ampea inapanda na kasi kwa volti inashuka. Ndiyo maana watu wa magari ya kutambaa kwenye mawe hupenda 55T na hata 80T. Gari lao linaenda kama kobe, lakini kobe huyo anapanda ukuta.

Sisemi volti nyingi ni dhambi. Ukiongeza volti na wakati huo huo ukachukua mota yenye KV ndogo, unafanya jambo la maana. Wati ni volti mara ampea. Wati 111 kwa volti 7.4 ni ampea 15. Wati hizo hizo 111 kwa volti 11.1 ni ampea 10. Joto kwenye nyaya, viunganishi na kidhibiti linakuwa dogo mara 2.25. Ni mantiki ile ile inayofanya umeme wa upepo wa Loiyangalani, kule Marsabit, usafirishwe hadi Suswa kwa laini ya kilovolti 400. Hawaongezi volti ili umeme uwe na hasira. Wanaongeza ili ampea ziwe chache na nyaya zisipoteze umeme kwa joto. Ukiongeza volti kwenye mota ile ile, gia ile ile na matairi yale yale, hupati faida hiyo. Unapata kasi, na dari ya juu zaidi ya kuungulia.

Na hii si habari ya vitu vya kuchezea tu. Boda za umeme zinazopita nje ya geti lako zinafuata sheria hii hii. Boda ikibeba abiria wawili kupanda mlima, mota inapungua kasi, volti pinzani inashuka, ampea zinaruka. Kidhibiti chake kimewekewa kikomo cha ampea kwa sababu hiyo, ili kisiunguze mota na betri ambazo ni mtaji wa mtu. Mafundi wa hizo boda watatoka wapi? Watatoka kwa watoto walio kwenye ploti zetu sasa hivi, wanaobishana juu ya rundo la udongo. Tukiwafundisha kwamba dawa ya kila kitu ni kuongeza volti, tutakuja kuwalipa watuunguzie boda.

Wenzangu wenye kamera, hili linatuhusu. Klipu ya kuweka seli tatu ni ya sekunde 15: gari linaruka, vumbi linapaa, kila mtu anapiga kelele. Klipu ya kubadilisha pinioni haina moshi wala kelele. Ni mtu na bisibisi. Naelewa kwa nini ya kwanza inapendwa. Lakini anayeitazama ni kijana aliyeosha mazulia miezi mitatu, na hana pesa ya kununua mota ya pili. Ukionyesha seli tatu, onyesha pia joto la mota baada ya dakika tano. Ukiona ni uzito kufanya hivyo, basi unajua tayari kwa nini.

Cuzo gari lake linapanda. Si kila mara, siku ya mvua udongo unashinda kila mtu, lakini mota inarudi ikiwa na uvuguvugu tu. Ile betri ya seli tatu iko kwenye boksi la bati, kila seli ikiwa na volti 3.8, ikingoja mota inayoifaa. Mamake bado anasema angenunua viatu. Fomu ya masomo bado hajaijaza, na sijamsukuma. Ila juzi alinipigia kuuliza kama volti pinzani ndiyo inayofanya boda ya umeme irudishe chaji ikishuka mlima. Nikamwambia atafute jibu, anipigie tena.

Kama gari lako linakataa kupanda, fanya hivi kabla hujatoa hata shilingi. Kwanza, liinue, zungusha magurudumu kwa mkono. Yakiwa mazito, shida ni beringi au nywele na nyuzi zilizojifunga kwenye ekseli, na hiyo dawa yake ni bure. Pili, pima kipenyo cha matairi uliyoweka na ya yale yaliyokuja na gari. Tatu, hesabu meno ya pinioni. Nne, endesha dakika tatu kisha gusa mota kwa tahadhari. Kidole kikishindwa kukaa hapo sekunde mbili, gia yako ni ndefu mno au mzigo ni mkubwa mno. Ukitaka kupima ampea, tumia mita ya klampu inayosoma DC. Usitumie ile soketi ya ampea 10 ya mita ya kawaida, gari la saizi hii litaipita kwa kishindo. Gari likikwama, achilia rimoti. Sekunde zile za kusimama huku umebonyeza ndizo ghali kuliko zote. Na lipo ikivimba usiichaji tena, na hata iliyo nzima usiiache kwenye chaja ukatoka nyumbani.

Baada ya hayo yote, kama bado unahitaji betri, nenda dukani ukanunue betri. Lakini msikilize muuzaji vizuri. Akikuuliza gari lina uzito gani, matairi saizi gani na pinioni meno mangapi, huyo mpe pesa yako na umtumie marafiki. Akikuambia uongeze volti kabla hajaliona gari, msalimie vizuri, utoke.